Roald Dahl: nimwachie mwanangu asome vitabu vyake ama niviweke mbali?

MamaZu_Kisauni

Assalamu alaykum na hamjambo nyote. Naomba rai ya wazazi na walimu wa humu, hasa nyinyi mliosoma sana, manake kichwa kimeniuma wiki nzima.

Nina binti wa miaka 10, yuko Grade 5. Shangazi yake alikuja likizo Desemba kutoka Uingereza akamletea vitabu sita, vyote vya mtu mmoja anaitwa Roald Dahl. Wallahi mtoto huyu zamani kumkalisha na kitabu ilikuwa vita, sasa vita ni kumtoa kitabuni aje ale. Stima zikipotea huku kwetu achukua simu yangu akajimulikia ndani ya chandarua. Matilda ameisoma mara mbili mfululizo, halafu akaingia kile cha lile jitu refu linalopuliza ndoto madirishani mwa watoto usiku, na kila akifika mahali pa kuchekesha anakuja jikoni kunisomea, mimi nakuna nazi yeye anasoma, Kiingereza changu si kikubwa lakini nilikuwa nafuata.

Sasa Jumamosi tulikuwa kwenye harusi Majengo, mazungumzo yakafika kwa watoto na shule, nikamtaja huyu mwandishi kwa furaha zangu. Dada mmoja pale, msomi, akaniambia huyo mzungu alikuwa mbaguzi, aliwaandika Waafrika vibaya, na Mayahudi aliwachukia waziwazi, hata vitabu vyake juzi juzi vimekatwakatwa maneno. Kakangu naye akadakia kwamba mtu huyo huyo aliishi Dar es Salaam na Kiswahili alikijua. Nikarudi nyumbani sijui nishike lipi. Nikavitoa vile vitabu nikaviweka juu ya kabati.

Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, kwani amefanya nini?" Nami sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia nenda kalale. Siku nne sasa. Mwenye kumjua mtu huyu kiukweli anieleze, nataka kumjibu mwanangu kitu cha haki.

MwalimuMstaafu_MjiWaKale

Waalaykumu salaam bintiangu. Swali la mwanao ni swali zuri na lataka jibu refu, kwa hivyo nivumilie. Nimefundisha shule za msingi miaka 31 na huyu mtu namjua sana kupitia vitabu viwili alivyoandika juu ya maisha yake mwenyewe, Boy cha 1984 kinachoeleza utoto wake na Going Solo cha 1986 kinachoeleza alivyokuja huku kwetu. Kakako hakusema uongo.

Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 Llandaff, pale Cardiff, Wales, lakini wazazi wake ni watu wa Norway. Alipokuwa na miaka mitatu dadake wa miaka saba alikufa kwa kidole tumbo, na wiki chache tu baadaye babake naye akafa kwa nimonia. Mamake akabaki mjane na watoto nchi ya ugenini, akawalea, wala hakurudi kwao. Kijana akapelekwa shule za bweni na huko bakora zilikuwa kama chai ya asubuhi, walimu wachapa, wanafunzi wakubwa nao wachapa wadogo. Jambo hilo halikumtoka mpaka anazeeka. Ukimuona mwalimu mkuu wa kwenye Matilda yule anayeshika watoto kwa nywele akawarusha, wajua ametoka wapi. Nami nikikumbuka shule zetu za zamani na kiboko kilivyokuwa kinaning'inia nyuma ya mlango wa ofisi naelewa kwa nini watoto wa Mombasa wanacheka pale pale wanapocheka watoto wa London.

Alipomaliza shule hakutaka chuo kikuu, akaingia kampuni ya mafuta ya Shell mwaka 1934 kwa sababu alitaka kupelekwa nchi za mbali. Wakamkalisha London miaka minne, halafu 1938, akiwa kijana wa miaka 22, akapandishwa meli, Suez, bahari ya Sham, akapita hapa Mombasa akielekea Dar. Hapo alikaa nyumba ya kampuni nje ya mji, juu ya bahari, na kazi yake ilikuwa kuzunguka na gari mashamba ya mkonge na migodini kuuza mafuta ya mashine. Kiswahili alijifunza kwa kuwa bila hicho kazi haiendi.

Ntakupa kisa kimoja umsimulie mtoto. Asubuhi moja yuwanyoa ndevu dirishani, chini kuna mtu wa shamba anaitwa Salimu anapitisha reki kwenye kokoto, mara Dahl akamuona koboko anamjia Salimu kwa nyuma. Akapiga kelele kwa Kiswahili, aangalie nyuma, upesi upesi, na nyoka alimwita "nyoka kubwa". Naam, kubwa. Kitabuni ameliandika hivyo hivyo alivyolipiga lile yowe. Salimu aligeuka, akamngoja yule nyoka afike karibu, akamkita na meno ya reki mgongoni. Huo ukurasa nimewasomea watoto wengi, na kila mwaka lazima mmoja anyanyue mkono aseme mwalimu, ni nyoka mkubwa. Nafurahi kila mara.

Na kipo cha simba pia. Asimulia kwamba alikuwa mgeni nyumbani kwa mkuu wa wilaya huko bara ya Tanganyika, jioni simba akaingia akambeba mke wa mpishi kwa kinywa akaondoka naye, wakamkimbilia, bunduki ikapigwa kumtisha, simba akamwachia, mwanamke akainuka hana hata mkwaruzo kwa sababu alijifanya maiti. Gazeti la East African Standard likamwomba aandike kisa hicho na likamlipa pauni 5, na mwenyewe asema hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kuchapishwa. Sasa sikiliza hili bintiangu. Gazeti hilo lilizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1902, mwenyewe A. M. Jeevanjee, ndipo baadaye likahamia Nairobi. Mimi jambo hilo hunipa raha kubwa, kwamba mtu aliyekuja kusomwa na watoto wa dunia nzima malipo yake ya mwanzo ya uandishi yalitoka kwenye gazeti lililoanzia kisiwani kwetu.

Visa vyake vya huku usivishike vyote kama ushahidi wa mahakamani, mtu alikuwa mtambaji, chumvi alitia. Kipo kimoja cha mtumishi wake na upanga ambacho alikichapisha kwanza kama hadithi miaka ya 1940, halafu ndipo akakitia kwenye maisha yake kama kitu kilichotokea.

Vita vilipoanza 1939 akaendesha gari peke yake kutoka Dar hadi Nairobi, kama maili 600 za barabara ya udongo, kwenda kujifunza urubani. Alikuwa mrefu karibu mita 2, kichwa chatokeza juu ya kioo cha ile ndege ndogo. Walikuwa vijana 16 katika lile darasa la Nairobi, na 13 kati yao vita viliwamaliza. Yeye aliangusha ndege jangwa la magharibi ya Misri Septemba 1940, fuvu likapasuka, akawa kipofu wiki kadhaa, mgongo haukupona tena maisha yake yote. Uandishi wenyewe ulianza baada ya hapo, alipopelekwa Washington 1942. Alikuwa akisema yale mapigo ya kichwa ndiyo yaliyomgeuza.

Vidole vimechoka, wengine waendeleze. Hilo la ubaguzi sikulikimbia, lipo, lakini nataka vijana waliseme.

AbuRayyan001

Mimi dada yangu nasema wacha vikae juu ya kabati. Sisemi kwa ubaya. Watoto wetu kutwa ni majitu ya Uingereza na shule za Uingereza, ukimuuliza akutajie hadithi moja ya Abunuwasi hana, ya sungura hajui. Kuna marehemu Ken Walibora aliandika Ndoto ya Amerika kwa ajili ya watoto kama hawa, kuna zile za Moses za Barbara Kimenye ambazo sisi tulizigombania darasani hadi zikatoka karatasi. Mtoto ana nafasi ndogo ya kusoma kati ya shule na madrasa, kwa nini tumjazie ya mtu aliyetudharau?

Otis_Mikindani

@AbuRayyan001 nakuheshimu kaka lakini huyo mtoto hakuwa anasoma KABISA, mama amesema. Mlango umefunguka wewe unataka uufunge kwa sababu fundi wa mlango ni fulani.

Lakini wacha niseme hilo la ubaguzi manake mimi nilisomea fasihi na hii kitu ilinikwaza kweli nilipoigundua. MamaZu huyo dada wa harusini yuko sawa. Kitabu cha kiwanda cha chokoleti, Charlie, kilipotoka 1964 wale wafanyakazi wafupi wa kiwandani, Oompa-Loompa, walikuwa ni Waafrika. Yaani waziwazi, mbilikimo kutoka msituni Afrika, mwenye kiwanda amewakuta wanakufa njaa akawafunga kwenye masanduku akawasafirisha hadi Uingereza, wanafanya kazi usiku na mchana malipo yao ni kakao, na wanaimba na kucheka wamefurahi. Soma hiyo sentensi ukiwa Kisauni. Wewe hapo uko hatua chache na Frere Town, walipowekwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa miaka ya 1870, na ile kengele bado imesimama Kengeleni matatu zinaipita kila siku. Kwetu sisi watu kupakiwa kwenye masanduku hiyo haiwezi kuwa utani, tunajua majina ya mitaa iliyotokana nayo.

Watu weusi Marekani walilalamika, hasa filamu ilipokuwa inatengenezwa, na ndio maana kwenye ile filamu ya 1971 wakapakwa rangi ya chungwa na nywele kijani. Na Dahl mwenyewe akabadilisha kitabu, toleo la 1973 hao watu wana ngozi nyeupe na wanatoka nchi ya kubuni. Kwa hivyo kitabu alichonacho mwanao, kama si kizee kabisa, hutapata Mwafrika ndani. Lakini masanduku yamebaki na kakao imebaki, na mimi naona mtoto wa miaka 10 anaweza kuulizwa: hawa watu waliulizwa kama wanataka kuja? Mimi nilimuuliza mdogo wangu hivyo akanyamaza muda mrefu halafu akasema "hawakulipwa pesa". Aliona mwenyewe.

La Mayahudi ni la kweli na ni baya zaidi, kwa sababu hapo hakuna kisingizio cha hadithi. Mwaka 1983 alizungumza na gazeti la New Statesman la Uingereza akasema maneno ya chuki juu yao kama watu, si siasa, ni wao kama watu, na alikuwa mtu mzima wa miaka 66 akijua anachosema. Familia yake iliomba msamaha 2020, yeye alishakufa tangu Novemba 1990. Hata sisi tunaoumia na mambo ya Palestina tusije tukasema hapo alikuwa sawa. Hakuwa sawa.

Na la kukatwa maneno, hiyo ni 2023, wachapishaji wake walipitisha kalamu mahali pengi, mtu "mnene" akawa mkubwa, na kadhalika, watu wakapiga kelele sana hata waandishi wakubwa, mwishowe wakasema watachapisha matoleo yote mawili, la zamani na jipya. Mimi binafsi sipendi kufutwa. Nataka mtoto aone alichoandika halafu mzazi awe karibu.

Kwa hivyo mwanao akiuliza amefanya nini, mwambie hayo. Ana miaka kumi, ataelewa.

Bi_Shufaa

Otis hiyo ya masanduku sikuijua na vitabu hivyo nimewanunulia wanangu wote wawili kwa muuza mitumba mjini. Kile cha Charlie nilichonacho ni cha zamani sana karatasi zimekuwa rangi ya chai, leo nikitoka kazini naenda kukiangalia ni cha mwaka gani.

Nesi_Changamwe

Nimekaa nasoma tu lakini nimeona hakuna aliyetaja jambo ambalo mimi ndilo lililonifanya nimjue huyu mwandishi, na nilimjulia kazini wala si darasani.

Dahl alikuwa na binti, mtoto wa kwanza, anaitwa Olivia. Mwaka 1962 akiwa na miaka saba alishikwa na ukambi. Wakati huo chanjo haikuwepo kwao, ilipitishwa Marekani mwaka uliofuata. Mtoto alikuwa anapata nafuu. Babake akakaa naye kitandani anamfundisha kutengeneza wanyama kwa zile nyaya laini za rangi za kusafishia kiko, akampa ajaribu mwenyewe, hapo ndipo alipoona vidole havifuati, mtoto anataka kufanya lakini mikono haimtii. Akamuuliza unajisikiaje, akasema nasikia usingizi. Baada ya saa moja hajitambui, baada ya saa kumi na mbili amekufa. Ukambi ulikuwa umepanda kwenye ubongo.

Mimi nimeona mtoto akienda hivyo, mwaka wangu wa pili kazini, sitasema wapi. Ile ya vidole kutofuata nilipoisoma niliweka karatasi chini nikatoka nje.

Miaka mingi hakuweza hata kulizungumzia. Halafu 1986 akakaa akaandika barua kwa wazazi wa Uingereza kuwaambia wachanje watoto, akaeleza yote hayo, vidole na usingizi, na akawaambia yeye hakuwa na chanjo ya kumpa Olivia lakini wao wanayo. Mpaka leo wahudumu wa afya nchi nyingi wanaisambaza hiyo barua. Mimi huwasimulia kina mama kliniki kwa Kiswahili, nabadilisha nyaya za kiko nasema shanga kwa sababu nani huku anajua hizo nyaya, na nimeona mama aliyekuwa ameaga akarudi kukaa kwenye benchi. Kwetu ni miezi 9 na ya pili miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo watu wanaisahau, mtoto ameshatembea wanaona amekomaa. Hajakomaa.

Na kile kitabu cha jitu la ndoto anachosoma binti yako MamaZu, fungua kurasa za mwanzo. Kimeandikwa kwa ajili ya Olivia. Kilitoka 1982, miaka 20 kamili tangu afe.

Ngoja niongeze moja, ni la kazini pia. Kabla ya kifo cha Olivia, Desemba 1960, mtoto wake wa kiume Theo wa miezi minne kigari chake kiligongwa na teksi New York, kichwa kikaanza kujaa maji. Wanaweka mrija wa kuyatoa lakini ule wa wakati huo ulikuwa unaziba kila mara na mtoto anarudi chumba cha upasuaji kila mara. Dahl akamtafuta mtu mmoja anayetengeneza injini ndogo za ndege za kuchezea, Stanley Wade, na daktari wa upasuaji wa ubongo Kenneth Till, wakakaa watatu wakabuni vali isiyoziba. Theo alipona kabla haijakamilika, hakuihitaji. Wakaitoa hivyo hivyo bila kutaka faida na ikatumika kwa maelfu ya watoto. Nyinyi mnaojua watoto wa kichwa maji wanavyohangaika kwetu, na mama zao wanavyofichwa kama wamefanya dhambi, mnajua hilo ni jambo gani.

Sisemi hivi kufuta ya Otis. Maneno aliyoyasema 1983 aliyasema. Lakini MamaZu ametaka kujua amefanya nini, na hili pia amelifanya.

AbuRayyan001

Nesi umenikalisha chini. Wangu wa mwisho hiyo ya miezi 18 sina hakika nayo, ntaangalia kitabu chake cha kliniki usiku huu.

Msomaji_Tononoka

MamaZu hukusema kama binti anaandika pia. Nauliza kwa sababu wangu alianza hivi hivi na baada ya vitabu vitatu akaniomba daftari lisilo la shule. Kama wako ndiye huyo, mweleze mtu huyu alivyokuwa anafanya kazi, watoto wanapenda sana.

Alikuwa na kibanda bustanini kwake, kijiji cha Great Missenden, cha matofali mlango wa manjano, kidogo tu kama duka la mtaani. Hakuna dawati. Ndani kuna kiti kikuukuu cha mamake, amekikata tundu mgongoni ili ule uti wake uliovunjika kwenye ndege usiguswe. Anakaa, miguu juu ya sanduku, analaza ubao juu ya mikono ya kiti, ubao umefunikwa kitambaa cha kijani kile cha meza ya pool, na penseli sita za manjano zimechongwa kabla hajaanza. Karatasi pia manjano. Anaandika muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili tena jioni, kila siku, na mtu haruhusiwi kuingia. Mezani pembeni ana mpira mzito alioukunja kwa karatasi za chokoleti tangu akiwa kijana mfanyakazi London, na, hii ndiyo watoto hupiga yowe, kichwa cha mfupa wake mwenyewe wa nyonga, alipofanyiwa upasuaji aliuomba akaja nao nyumbani! Kiti na kila kitu sasa viko kwenye makumbusho yake kijijini hapo hapo.

Alikuwa mwandishi wa polepole. Ukurasa wa kwanza tu wa hadithi anaweza kuurudia wiki nyingi. James na pichi lake kubwa ni 1961, tayari ana miaka zaidi ya arobaini, na hizo zilizopendwa zaidi, jitu la ndoto, wachawi, Matilda, ameziandika baada ya miaka 60, Matilda ni 1988, miaka miwili kabla ya kufa. Baadhi ya hadithi zake zilianzia kwenye hadithi za kulaza watoto wake kitandani, anaona ipi wanaiuliza tena kesho yake, hiyo ndiyo anaiandika.

Na kitu cha mwisho, tangu akiwa na miaka tisa bwenini aliandika barua kwa mamake kila wiki. Kila wiki! Shuleni, Dar, vitani, Marekani. Mamake hakumwambia, lakini alizihifadhi zote, amezifunga kwa utepe wa kijani, zaidi ya 600, na mwenyewe alikuja kuzipata mamake alipofariki 1967. Mengine ya Dar tunayoyasoma leo yametoka kwenye hizo barua.

MamaZu_Kisauni

Jamani. Sijui nianze wapi, shukran kwenu nyote, mwalimu Mungu akupe umri, nesi sina la kusema.

Juzi usiku nilivishusha. Nikakaa naye kitandani nikamwambia umeniuliza amefanya nini, nitakwambia, na nikamwambia yote kwa utaratibu kama mlivyoandika, nilikuwa na simu mkononi nasoma huku namfasiria. Nilianza na ya masanduku. Akasema hicho cha chokoleti hajakifikia, nikamwambia ukikifikia tutakisoma pamoja na ukiona masanduku uje unionyeshe. Ya Mayahudi nikamweleza hivi, kwamba kuna watu aliwasema vibaya wote kwa jumla, akaniuliza "hata watoto wao?" nikamwambia ndiyo, alisema kwa jumla. Akakunja uso. Hakusema kitu, na mimi nikaona nisimsemee.

Ya Olivia tukafungua kurasa za mwanzo kama nesi alivyosema. Kweli jina lipo. Mwanangu ana miaka kumi na kile kitabu amekibeba mwezi mzima kwenye begi lakini ule ukurasa alikuwa anauruka, akaweka kidole juu ya jina akakiacha hapo.

Ya nyoka nilimsomea mwisho ili asilale na huzuni. Nikafika kwenye "nyoka kubwa", kabla sijapumua akasema mkubwa! Mwalimu nikakukumbuka.

Msomaji wa Tononoka, naam, anaandika, nilikuwa sijui. Aliposikia zile barua 600 akaenda chini ya godoro akatoa daftari. Sijalisoma lote, ameniruhusu kurasa mbili tu, ni hadithi ya paka wa Lamu anayejua lugha ya punda. Nyanyake yuko Lamu, na hawana simu ya picha kule. Jana kutwa ameandika barua ya kurasa nne kwa penseli, kwa Kiswahili, ameniambia ataandika kila Ijumaa na nyanya asitupe hata moja, hilo ameliandika juu kabisa kabla ya salamu.

Abu Rayyan, Abunuwasi nimemtafutia pia, nimeahidiwa kitabu wiki ijayo.

Sasa ombi langu: kuna anayesafiri kesho na basi la asubuhi la Lamu? Bahasha ishafungwa, jina na mtaa nimeandika nyuma, naweza kuileta stendi kabla ya saa kumi na mbili.